Alasiri ya Uhuru Park juu ya gome la mtuba: uchambuzi wa kisa kimoja katika kazi ya Michael Armitage

Kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 8 Agosti 2017, mchoraji Michael Armitage alifuatana na wanahabari wa televisheni hadi Uhuru Park, jijini Nairobi, ambako upinzani ulikuwa umeitisha mkutano wa hadhara. Wanahabari walikuwa na taarifa ya habari ya kuwahi. Yeye hakuwa na haraka hiyo. Alichokiona pale kilizaa michoro ya wino na mfululizo wa picha kubwa za rangi ya mafuta zilizomchukua takriban miaka miwili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilionyeshwa katika Bienale ya 58 ya Venice, maonyesho ya kimataifa ya sanaa huko Italia, mwaka 2019. Ninaiandika kama kisa kimoja kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo wanafunzi wa uchoraji huniuliza mara kwa mara na ambalo hujibiwa vibaya mara kwa mara: kama mchoro wa karatasini umekamilika na una nguvu, kwa nini msanii aingie gharama na taabu ya rangi ya mafuta? Jibu ninaloliona katika kisa hiki ni la muda. Wino ulihifadhi alasiri ile kama ilivyopita machoni. Mafuta yalimlazimisha mchoraji kuishi na tukio hadi maana yake ikabadilika mikononi mwake.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa mkutano wa Uhuru Park hufananaje, ila kwa walio mbali nitasema kidogo. Mwaka ule Raila Odinga alikuwa akijiita Yoshua, atakayewavusha wafuasi wake na kuwafikisha Kanaani, na neno hilo "Kanaani" lilikuwa midomoni mwa watu kuanzia jukwaani hadi kwenye matatu. Watu huja mapema. Wasiopata nafasi ya kuona hupanda miti, na mti mmoja waweza kubeba watu wengi hadi ukahofia matawi. Wapo wanaokuja wamejipamba na kujivika kwa namna za ajabu ili kamera ziwaone, wapo wenye matawi na mabango, wapo wanaouza maji na njugu. Mkutano wa namna hiyo ni siasa, ni ibada, na ni tamthilia pia, na hao walio chini ya jukwaa ni waigizaji sawasawa na aliyeshika maikrofoni. Nadhani jambo hilo ndilo lililomshika Armitage, kwa sababu katika picha zilizofuata macho yake yako kwa watu waliokuja, zaidi ya yule waliyemjia.

Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama yake Mkikuyu na baba yake Mwingereza. Alisomea sanaa London, kwanza katika chuo cha sanaa cha Slade, kisha katika shule ya Royal Academy, alikomaliza mwaka 2010, na kwa miaka mingi alifanya kazi baina ya miji hiyo miwili. Hayo yatosha kuhusu wasifu wake.

Tuanze na michoro, kwa kuwa watu wengi huipita haraka wakikimbilia rangi. Katika Bienale ile kila msanii alionyesha kazi katika sehemu mbili tofauti, na Armitage aliweka michoro yake ya wino upande mmoja na picha kubwa za mafuta upande mwingine. Huo ulikuwa uamuzi wa maana, kwani uliipa michoro ukuta wake yenyewe badala ya kuifanya kuwa maelezo ya pembeni ya picha. Wino una sheria yake: ukishagusa karatasi haufutiki. Mchoraji wa penseli hupapasa, akafuta, akarudi. Mchoraji wa wino huamua kabla ya mkono kushuka, na akikosea hana budi kulibeba kosa mpaka mwisho wa mchoro. Katika mkutano wa hadhara, mahali ambapo hakuna mtu anayesimama tuli hata kwa nusu dakika, sheria hiyo humfundisha mchoraji kuacha. Huwezi kuchora umati. Unaweza kuchora bega, mkunjo wa shati, mguu unaoning'inia kutoka tawini, kinywa kilichofunguka. Umati hujitokeza baadaye, katika nafasi zilizo baina ya vitu ulivyowahi kuvishika.

Kamera za wanahabari hazikosi kitu, na ndiyo maana hazichagui. Nasema hivi bila kuidharau kazi yao. Picha ya video ya mkutano ule ina maelfu ya nyuso na kila uso una uzito uleule. Mchoro wa wino una nyuso chache, na kila mmoja upo kwa sababu mtu fulani aliutazama kwa muda na akaamua kwamba huo hautasahaulika.

Baada ya karatasi kikaja kitambaa, na hapa kisa kinakuwa kizito zaidi. Armitage hachori juu ya turubai ya kitani au pamba kama ilivyo desturi ya uchoraji wa mafuta. Huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mtuba kinachotengenezwa na Waganda. Alikiona kwa mara ya kwanza katika soko la watalii Nairobi, kikiuzwa kama vitambaa vidogo vya mezani na mapambo. Mtuba ni mti wa jamii ya mikuyu. Mafundi huubandua gome la ndani wakati wa mvua, kisha huligonga kwa nyundo za mbao zenye mikato tofauti, kwa saa nyingi, chini ya banda lililo wazi ili lisikauke upesi, hadi ule ukanda mgumu ulainike na kutanuka kuwa kitambaa chenye rangi ya udongo mwekundu. Shina lililobanduliwa hufungwa kwa majani ya mgomba ili lipone na kuotesha gome jingine. Ufundi huo ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Ngonge, na UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Lubugo huvaliwa katika kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, na hutumika kuwavika maiti. Nao Wahaya wa Kagera waliyajua mavazi ya magome kabla ya pamba kufika. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani yetu iliingia Buganda na marobota ya vitambaa vya pamba, na gome likaanza kurudi nyuma. Ni historia inayotuhusu sisi wa pwani moja kwa moja, na huwa sifurahii kuiona ikisimuliwa kana kwamba lubugo lilidhoofika lenyewe.

Niliwahi kununua kipande cha lubugo Kampala, ukubwa wake kama mkeka wa kuswalia. Ukikishika dhidi ya dirisha, mwanga hupita mahali pengine na hukataa mahali pengine, kwa sababu unene wake haulingani hata katika upana wa kiganja. Katika pembe moja kulikuwa na tundu la mviringo, mahali ambapo bila shaka tawi changa lilichomoza kutoka shinani, na fundi alikuwa amelikusanya na kulishona kwa uzi mnene, mishono saba, ukibaki mstari uliovimba kama kovu la mtu aliyefanyiwa upasuaji zamani. Nilijaribu kuchora juu yake bila kukiandaa. Penseli ilinasa kwenye nyuzi, mkaa ulimezwa, na tone la rangi ya mafuta lilizama na kuacha duara la grisi likitanuka pembeni. Kitambaa kile hakikubali kuamrishwa. Nacho kina kingo zisizonyooka, kwa hiyo atakaye picha kubwa hana budi kuunganisha vipande, na kila muungano ni mstari ambao mchoraji hakuuchora.

Fikiria basi maana ya kukivuta kitambaa cha namna hiyo kwenye fremu yenye urefu wa zaidi ya mita 3 na kuhamishia humo michoro ya mkutano wa kisiasa. Mkunjo utapita shingoni mwa mtu. Tundu litaangukia jicho au anga. Mshono utakata tawi ambalo ulitaka liwe zima. Armitage ana njia mbili: kuzificha kasoro hizo kwa tabaka nene za rangi, au kuzikubali zipange upya alichokuwa amekipanga. Huchagua njia ya pili mara nyingi zaidi, na rangi yake huwa nyepesi kiasi kwamba gome huonekana likipumua chini yake. Huweka rangi, akaikwangua, akaiosha, akaweka nyingine, na katika kukwangua huko hubaki mizimu ya maamuzi ya kwanza. Mchoro wa wino ambao haukufutika karatasini umefikia mahali ambapo kila kitu kinafutika, ila hakuna kinachotoweka kabisa. Sijui mbinu nyingine inayoonyesha wazi hivyo kwamba kuchora na kupaka rangi ni kazi mbili tofauti, wala ya pili si ya kwanza iliyovalishwa.

Picha ninayoiona kuwa kitovu cha kisa hiki ni The Fourth Estate ya mwaka 2017. Imesimama wima, ndefu kuliko mtu. Mti ndio unaoibeba: watu wamekaa matawini, wamebanana, wakitazama na kusikiliza, uzito wao ukining'inia juu ya umati. Msanifu wa kawaida angeweka jukwaa katikati na mti pembeni kama pambo. Hapa mti umepewa enzi yote, na mtazamaji hujikuta akiuangalia mkutano kutoka upande wa wale waliokosa nafasi.

Umbo hilo la watu tawini lina babu yake. Mhispania Francisco Goya, katika mfululizo wake wa mwisho wa michoro ya kuchongwa kwenye bamba, alichora kundi la watu waliojifunika mavazi mazito, wamekaa juu ya tawi kavu, chini yao hakuna kitu. Mchoro huo huitwa Disparate ridículo na ni wa kati ya mwaka 1815 na 1823. Armitage ameutumia waziwazi. Wako wanaolihesabu hilo kuwa kosa, na hoja yao nzito zaidi yaweza kutolewa kwa maneno ya Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanganyika na mmoja wa waasisi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, aliyefundisha vizazi viwili vya wasanii kwamba wasinakili, kwa kuwa kunakili humlaza Mungu usingizi. Ninaiheshimu sana kauli hiyo; imewaokoa vijana wengi kutoka kuchora twiga wa watalii maisha yao yote. Hata hivyo siioni ikimhukumu Armitage katika picha hii. Kunakili ni kuchukua umbo ili usilazimike kutazama. Yeye alitazama kwanza, akawaona Wanairobi halisi juu ya mti halisi, akawashika kwa wino, ndipo akamkumbuka Goya. Mwenye kujua fasihi yetu atalielewa hilo kwa urahisi: mshairi anayetunga utenzi leo hukopa bahari na mizani zilizotangulia karne nyingi, na hakuna anayemwita mwizi mradi kilichomo ni chake.

Lipo swali gumu zaidi ambalo wasifiaji wake huliruka. Jina la mchoro wa Goya limebeba neno la kuchekesha, la upuuzi. Je, mtu aliyepanda mti Uhuru Park akiwa na matumaini ya Kanaani anastahili kuwekwa katika umbo la wapumbavu walio juu ya tawi kavu, tena na mchoraji atakayeionyesha picha hiyo kwa matajiri wa Ulaya? Nimelirudia swali hili mara nyingi, na naona hatari ipo kweli. Kinachoniridhisha, angalau katika picha hii, ni jina. The Fourth Estate, sisi husema mhimili wa nne, tukimaanisha vyombo vya habari, baada ya serikali, bunge na mahakama. Armitage alifika pale kwa gari la mhimili huo, kisha jina akawapa waliokuwa mtini. Mimi nalisoma hivi: kwamba walioshuhudia ni hao, na kwamba ushahidi wao una cheo. Mwingine atasoma kwamba anawakejeli wanahabari na umati kwa pamoja. Picha inaziruhusu tafsiri zote mbili, lakini mikono na magoti ya wale waliokaa tawini yamechorwa kwa upole ambao mtu hautumii anapodhihaki.

Sasa turudi kwenye muda. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba na upinzani ukaususia. Watu waliuawa katika maandamano Nairobi na Kisumu. Tarehe 30 Januari 2018 Odinga aliapishwa na wafuasi wake kuwa rais wa wananchi, palepale Uhuru Park. Kisha, tarehe 9 Machi 2018, yeye na Uhuru Kenyatta wakapeana mikono. Wakati huo wote mfululizo wa Armitage ulikuwa bado unaendelea. Picha kadhaa zimeandikwa mwaka 2019, ikiwamo The Promised Land, ambayo jina lake ni Kanaani ileile ya jukwaani. Mtu aliyekuwa ameshangilia Agosti 2017 alikuwa, kufikia picha hiyo inakamilika, ama amezika jirani, ama ameona viongozi wawili wakicheka pamoja mlangoni pa Harambee House, ofisi ya rais, ama yote mawili. Michoro ya wino haikujua lolote kati ya hayo na haikuweza kujua. Picha za mafuta zilijua. Kila alipokwangua tabaka na kulipaka upya, mchoraji aliipaka alasiri ile akiwa na habari za baadaye mkononi, na furaha iliyokuwa karatasini ikawa na kivuli. Naamini hapa ndipo lubugo linapopata haki yake kamili, maana kitambaa ambacho Waganda huwavika wafu kilikuwa tayari chini ya umati ule tangu siku ya kwanza, kabla maiti za Agosti na Oktoba hazijakuwapo.

Lawama iliyobaki haihusu uchoraji wenyewe, na siwezi kuipita. Wengi wa watu waliokuwa Uhuru Park siku ile hawatazikuta picha hizi ana kwa ana. Novemba 2019 picha yake ya mwaka 2015, The Conservationists, iliuzwa kwa mnada wa Sotheby's New York kwa takriban dola milioni 1.5, na kwa bei hizo hakuna taasisi ya umma ya Kenya inayoweza kushindana. Inaniuma, na sidhani kwamba bei ni kosa la mchoraji, kwa kuwa mnada humlipa anayeuza. Alichoweza kukifanya amekifanya kwa kiasi. Katika maonyesho yake ya Munich ya mwaka 2020, yaliyokwenda London mwaka 2021, alitenga sehemu nzima kwa wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia, wakiwamo Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Sane Wadu na Meek Gichugu, na sehemu hiyo akaipa jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho. Mwaka 2020 alianzisha NCAI, taasisi ya sanaa ya kisasa isiyo ya biashara jijini Nairobi, ambayo ilifungua milango yake mwaka 2022 kwa maonyesho ya Sane Wadu. Kijana wa Nairobi sasa anaweza kusimama mbele ya kazi ya Wadu bila kununua tiketi ya ndege. Mbele ya The Fourth Estate, bado.

Njia aliyoipata katika mkutano ule ameendelea nayo. Tarehe 27 Machi 2020, saa chache kabla ya amri ya kutotoka nje kuanza kutekelezwa, polisi waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi abiria waliokuwa wakiwahi feri ya Likoni, Mombasa. Wengi tuliiona video ile kwenye simu, watu wamelazwa chini, mabegi yametapakaa. Mwaka 2022 Armitage aliikamilisha Curfew (Likoni March 27 2020), rangi ya mafuta juu ya lubugo, ambayo sasa iko katika mkusanyiko wa MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa huko New York. Safari hii kilichotangulia, kwetu sote, kilikuwa mwanga wa simu ulioonekana mara moja na kufunikwa na habari ya kesho yake. Picha ilikuja miaka miwili baadaye, ikiwa na tarehe katika jina lake, juu ya kitambaa chenye mishono.